Hodi ya Ghorofa ya Tano

Ripoti zangu zote nimeziandika kwa Kiarabu, tena Kiarabu kile cha ofisini ambacho hata Mwarabu mwenyewe akikisoma husinzia. Haya nayaandika kwa Kiswahili cha mama yangu. Nyinyi vijana wa idara mliobaki, mliolelewa kwa Kiswahili majumbani na sasa mnakizungumza nusunusu, mkikwama kwenye neno waulizeni bibi zenu. Watafurahi kuwa leo mmewauliza kitu kisichokuwa chakula kiko wapi. Siku ya kuniaga mliniomba niandike mambo ya kazi. Vyeo siandiki na mishahara siandiki, maana hayo mnayajua kunishinda. Nitaandika habari za kuta, na za watu wanaokaa nyuma yake.

Nilianza Ibra, mwanamke peke yangu katika ukaguzi wa majengo. Siku ya kwanza nilikwenda na abaya mpya na viatu vya kisigino, kwa sababu mama alisema ofisi ni ofisi. Nikakabidhiwa kwa Mzee Khalfan, mzaliwa wa Pemba aliyekuja Oman bado kijana, fundi uashi wa zamani aliyegeuzwa mkaguzi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavitazama viatu vyangu, akaniambia niende nyumbani, kesho nije na miguu. Kasheshe kubwa lilikuwa mkanda wa kupandia juu, maana umetengenezwa kwa ajili ya mwanamume mwenye suruali, na mie nimo ndani ya abaya. Mama akakaa na cherehani yake akanishonea suruali ya marinda ya kitambaa kigumu, pana juu, ya kubana vifundoni, na kanzu fupi ya kuvaa juu yake. Kesho yake Mzee Khalfan aliponiona alicheka mpaka akakaa kitako. Kisha akasema sasa tunaye mkaguzi, jana tulikuwa na mgeni. Suruali ile niliivaa mpaka ikapauka, na baada yake nikashona nyengine sita kwa kipimo kile kile.

Mzee Khalfan alikuwa na kanuni zake, na ya kwanza ilikuwa hutazami ukuta wa mtu kabla hujanywa kahawa yake. Finjani ya kwanza, mwenyewe anakusifia jumba. Ya pili anakusifia mkandarasi. Ya tatu ndiyo anakwambia maji yanavuja wapi. Hapo utikise finjani, uirudishe, usichukue ya nne, maana kwenye ya nne ataanza kukuhadithia ugomvi wa mirathi na hutoki hapo mpaka Alasiri. Wahandisi wapya nimewafundisha hili na wengine wameona ni kupoteza wakati. Wanakwenda moja kwa moja ukutani, halafu wanashangaa kwa nini hakuna aliyewaambia kuwa ghorofa ya juu iliongezwa bila ya kibali.

Vyombo vyetu vilikuwa tochi, nyundo ndogo ya mpira, kamba, chaki, na kioo kidogo chenye mpini cha kuchungulia pasipoingia kichwa. Kamera zikaja baadaye, na droni baadaye zaidi. Sina ugomvi na droni, ni chombo kizuri, ila haiwezi kugonga. Mzee Khalfan aligonga kila kitu. Akigonga hatazami ukuta, anatazama chini, anasikiliza. Alinipeleka Samad, kwenye nyumba ya mtu mmoja aliyekuwa na shaka na ukuta wake mpya, akagonga mara mbili akamwambia hapa ndani mna mifuko ya saruji. Si saruji, mifuko. Wakabomoa, wakaikuta imeshindiliwa humo mitupu, pamoja na ndara moja. Tulirudi Ibra tunacheka njia nzima.

Miaka ikaenda, majumba nayo yakaanza kuvaa. Zamani jumba lilipakwa rangi ya krimu, basi. Ukienda Al Hamra ukazitazama zile nyumba za udongo, hata ukizitaka ziungue haziungui. Sasa kila mwenye jumba akataka ling'are, na ikaja kladingi. Kwa mlio wapya: kladingi ni paneli nyembamba, mabati mawili ya alumini na kitu katikati, mfano wa biskuti ya krimu, na mambo yote yamo katika ile krimu. Ikiwa ni ya madini, moto ukiigusa unachoka. Ikiwa ni plastiki nyeusi, basi umelivisha jumba mafuta ya taa yaliyoganda. Kwa nje zote zinafanana. Tuliipitisha kama pambo, nchi zote zikaipitisha, mpaka tulipoona kwenye televisheni majumba ya nchi za watu yanawaka kwa nje, kutoka chini mpaka juu, kabla watu wa ndani hawajamaliza kufunga kanga. Asubuhi yake ofisini hakuna aliyegusa kahawa. Kila mmoja wetu alikuwa anayahesabu kimoyomoyo majumba yanayong'aa ya mji wake.

Ndipo tukaanza kutoboa. Unakata kiduara kidogo cha paneli, unakitia mfukoni, unakiandikia kimetoka upande gani na ghorofa gani, unakipeleka maabara Maskati, na tundu unaliziba vizuri ili mvua isiingie. Msijidai kuamua kwa rangi ya krimu. Rangi inakupa wasiwasi, maabara inakupa jibu. Na msikate mnapofikia kwa mkono. Pale Ibra palikuwa na jumba ambalo vipande vyote vya chini vilitoka maabara salama salimini. Mie nikang'ang'ania kupanda. Ghorofa mbili za chini zilikuwa na paneli nzuri khasa, na kutoka hapo kwenda juu plastiki tupu. Mkandarasi alijua wakaguzi wanafika wapi bila ya kuchoka. Tokea siku hiyo nikawa naanza juu nashuka chini, na magoti yangu yananikumbusha mpaka leo.

Nilipohamishiwa Nizwa ndipo serikali ilipotoa fungu la kubadilisha kladingi mbovu kwenye majumba ya fleti. Likaja kwa awamu. Kila jumba linaingizwa kwenye awamu yake likitimiza masharti, na sharti gumu kuliko yote ni kuwa wenye fleti wote wakubali, si wengi wao, wote, kwa sababu ukuta wa nje ni wao kwa pamoja. Kazi ile ya kukubalisha watu ndiyo iliyonizeesha. Mwanamume mmoja Nizwa alikataa wiki tatu kwa sababu paneli mpya hazikuwa na rangi inayolingana na gari yake. Nilikunywa kwake kahawa nyingi kuliko ninayokunywa kwangu, nikala halwa mpaka daktari akaniuliza. Mwisho akakubali, na gari akaiuza mwaka ule ule.

Lakini jumba nililolipenda na lililoniliza ni moja la Sur. Ghorofa saba, kando ya barabara kuu, lina paneli za rangi ya dhahabu zinazoonekana kutoka mbali. Waliokaa humo walikuwa karibu wote watu wetu, waliorudi kutoka Unguja na Pemba, na wawili watatu kutoka bara, waliolipia fleti zao kidogo kidogo ili wakae pamoja. Ukiingia kwenye ngazi saa ya chakula unasikia harufu ya mchuzi wa nazi kutoka kila mlango. Maabara ilipoleta jibu lake, jumba lile lilikuwa baya kuliko yote tuliyowahi kupima. Wakubwa wakasema wazi: ama lingie awamu hii, mafundi waanze watu wakiwa humo humo ndani, ama watu watolewe wote, kila mtu atafute pa kukaa mpaka siku itakapopatikana awamu nyengine. Na lini itapatikana, hakuna aliyejua. Wazee wale walijua maana yake. Wakitawanywa, huyu kwa mwanawe Maskati, yule kwa mkwewe Barka, hawatarudi tena pamoja.

Wenye fleti wote wakakubali isipokuwa mmoja. Muhandisi niliyekuwa naye ni Haitham, mnamjua, kijana wa Nizwa ambaye babu zake walitokea Bujumbura. Mchapa kazi, ila Kiswahili chake amekichanganya na kila kitu. Akanipigia simu. "Anti, bibi wa floo ya tano amekataa, na mtoto wake anasema mama akikataa khalas, basi." Nikamuuliza amekataa kwa sababu gani. Akasema mumewe amekufa juzijuzi, yumo edani. Na kwa vile Haitham ni kijana mwenye adabu na bidii, alikuwa ameshakwenda kwa sheikh wa mtaa kuuliza, na sheikh kamjibu kuwa mwanamke aliyefiwa, akiwa kwenye hatari, anaweza kuhama akamalizia eda yake kwengine. Kwa Haitham mambo yalikuwa yamekwisha. Hakujua kwa nini bibi bado anakataa.

Nikaendesha gari mpaka Sur. Mwanamume hawezi kuingia kwa mwanamke aliyefiwa, lakini mie naingia. Bi Shariffa, mwenye fleti, alikuwa mama wa makamo yaliyokwisha, mwembamba, amekaa kitako kwenye mkeka na nguo zake za eda, hana udi wala wanja. Nilimwamkia, tukasoma Fatiha, nikampa mkono wa tanzia, nikakaa. Kahawa akaileta binamu yake aliyekuwa akimhudumia. Sikusema neno la ukuta. Alinihadithia mumewe, Mzee Nassor, alivyofanya kazi kwenye umeme maisha yake yote na akafa kwenye chumba kile cha mbele, dirishani, akitazama barabara. Kwenye finjani ya tatu ndipo alipoanza mwenyewe.

"Sheikh amesema yafaa nihame, mwanangu. Hakusema lazima."

Nikamuuliza, na moto je?

"Moto naujua, mume wangu alikuwa mtu wa umeme. Mie simzuii mtu kubandua. Nitakaa humu ndani siku zangu zote, miezi minne na siku kumi, kwa sababu humu ndimo alimoniacha. Nikitoka kabla, nitakuwa nimemwacha mie. Lakini madirishani kwangu mtaweka wanaume kutwa nzima, wananitazama nimekaa na msiba wangu. Hilo sitaki."

Nyinyi mtasema si afunge mapazia. Nami nilisema hivyo hivyo. Akanikumbusha kitu ambacho sisi wenye vyeti tulikiandika kwenye mpango wenyewe: ili paneli zibanduliwe, mashine zote za eisii, za kupoza vyumba, zilizotundikwa ukutani zinashushwa. Sur, joto lile na unyevu ule, bila ya eisii, na madirisha yafungwe mapazia yashuke? Angekufa yeye kabla ya eda kwisha. Madirisha lazima yawe wazi, na jukwaa la mabomba wanalopandia mafundi linapita mbele yake. Eda yake ndiyo kwanza inaanza na majina ya awamu yanafungwa mwisho wa mwezi. Niliona huruma, na niliona hofu pia, maana juu yake na chini yake palikuwa na watoto wadogo wamelala nyuma ya plastiki ile.

Basi nikamuuliza, Bi Shariffa, kwani mtu akija nyumbani kwako anafanyaje? Akanitazama kama niliyeuliza jua linatokea wapi. Anapiga hodi, akasema. Nikamwambia na hawa watapiga hodi. Hatapita mwanamume mbele ya ghorofa yako, kupanda wala kushuka, mpaka apige hodi, na wewe uwe na wasaa wa kuingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Aliizungusha finjani mkononi. Akauliza na wasipopiga? Nikamjibu wasipopiga, kazi naisimamisha mie mwenyewe. Akaitaka ile karatasi, akatia saini pale pale kwenye mkeka, na majina yakaenda yametimia.

Msimamizi wa mafundi alikuwa Rafiq, mtu wa Bangladesh, miaka mingi Oman, anasema Kiarabu cha kwenye majengo. Nilimkalisha yeye na watu wake chini ya jumba nikawafundisha hodi. Nilifundisha vizuri, Mungu ananijua. Mnasimama chini ya ghorofa ya tano. Mnasema hodi kwa sauti, mara tatu, mnaacha nafasi katikati. Hakuna kuchungulia. Mara ya tatu asipojibu mtu, mnarudi, hamngii, ndiyo adabu. Wakaifanyia mazoezi. Kumi na wawili wamesimama kivulini wanasema hodi kwa pamoja, na wapita njia wanasimama kutazama.

Siku ya kwanza ya kazi nilikuwa Nizwa kikaoni, simu ya Haitham ikaingia. Mafundi wako chini wanakunywa chai, hakuna paneli hata moja iliyobanduliwa, na jua limeshapanda. Kwa nini? Rafiq anasema wamepiga hodi mara tatu, hawakujibiwa, wakarudi kwa adabu. Wakangoja, wakapanda tena, wakapiga tatu nyengine, kimya, wakarudi tena. Wamekuwa wakifanya hivyo tokea asubuhi. Na kazi inaanzia ghorofa ya saba, kwa hiyo hakuna njia ya kufika juu bila ya kupita ya tano. Nilimpigia Bi Shariffa. Akaniambia hodi amezisikia zote, sauti nzuri sana, wamezitia mahadhi, na kila mara amekimbilia chumba cha ndani. Lakini kujibu hakujibu. Mwanamke aliyemo edani ataanzaje kupiga kelele dirishani kuwakaribisha wanaume kumi na wawili asiowajua? Nilicheka kikaoni mbele ya wakubwa wote, sikuweza kujizuia.

Nikatia gari moto tena mpaka Sur. Dawa akaitoa Bi Shariffa mwenyewe. Alikuwa na kinu kidogo cha shaba cha kutwangia iliki ya kahawa, ukikigonga kwa mchi wake kinalia kikasikika mpaka uani. Hodi ikipigwa, yeye ajifungie ndani kwanza, kisha agonge kinu, na mafundi wapite. Kesho yake asubuhi tukasimama chini, Haitham na mie, tunasikiliza. Rafiq akapiga hodi. Kimya kidogo. Halafu kinu kikalia, ngaa, ngaa, ngaa, na mabomba ya jukwaa yakaanza kutikisika kwa miguu ya watu wanaopanda. Haitham alifurahi utadhani kazaliwa mtoto.

Yaliyofuata sikuyapanga. Mabibi wa ghorofa nyengine waliposikia, walikuja juu. Kwani wao hawana heshima? Hodi ipigwe ya tano tu, na ya tatu wapite kama njia ya mbuzi? Ikabidi ipigwe kila ghorofa. Na hao hawakuwa edani, waliitika kwa mdomo, karibuni, na mnajua wenyewe mtu wa kwetu akishamwambia mgeni karibu hawezi tena kumwacha mikono mitupu. Vikatoka vitumbua madirishani. Zikatoka bajia, mkate wa kumimina, chai ya tangawizi kwenye chupa. Mafundi wakifika juu wameshiba, hawawezi kuinama. Haitham akawa anapita na jedwali lake anakaribia kulia. Tukakaa kikao na mabibi na tukakubaliana: hodi ipigwe kila ghorofa, karibu iitikiwe, lakini chakula chote kiteremshwe chini kwa pamoja saa ya mapumziko. Rafiq alikuwa ndiye mwenye huzuni kuliko wote kuhusu uamuzi ule.

Mtakaosimamia kazi kama hii, shikeni haya machache. Bandueni kutoka juu kushuka. Paneli zilizobanduliwa ziondoke siku ile ile, msizilundike chini ya jumba, maana mtakuwa mmeiteremsha hatari mkaiwekea kitanda. Chandarua cha jukwaa kiwe kile kisichoshika moto. Mashine ya kuchomelea isiwashwe popote mpaka paneli ya mwisho imeondoka. Na mkishabandua, msikimbilie kubandika mpya, tieni kichwa nyuma.

Walipofika ghorofa ya tano nilipanda mwenyewe. Nilipiga hodi, na kwa kuwa ni mie, Bi Shariffa alifungua dirisha. Tukawa tunazungumza, yeye ndani na mie kwenye mbao za jukwaa, na katikati yetu ukuta umevuliwa. Nyuma ya paneli palikuwa na uwazi wa upana wa kiganja uliotoka chini mpaka paani bila ya kizuizi hata kimoja, hapo panapotakiwa kila ghorofa pawe na kizuizi cha kukata moto. Nikamwambia atie mkono. Akautia, akahisi hewa inayopanda. Akaniambia upepo mzuri, kumbe ndio ulikuwa unawapoza miaka yote. Nikamwambia huo ndio upepo ambao moto ungeutumia kupanda kutoka chumba cha bawabu mpaka kwake, kisha kwa watoto wa juu, kabla hajavaa ndara. Aliutoa mkono pole pole, akaufuta kwenye nguo yake. Akauliza, miaka yote? Nikasema miaka yote. Tuliogopa pamoja pale dirishani, mie na vyeti vyangu na yeye na msiba wake, na sioni haya kusema hivyo.

Eda ilikwisha wakati paneli mpya zimefika ghorofa ya tatu. Walikuja wanawake wengi, akaogeshwa, akavishwa, akatiwa udi, na Alasiri akateremka ngazi kwa miguu yake mpaka barabarani. Nilikuwepo. Dhahabu ilikuwa imekwisha, jumba kutoka juu mpaka ya tatu limekuwa jeupe kama la mtu mwenye kiasi. Alilitazama kwa muda mrefu, akasema Mzee Nassor angelichukia. Alicheka, na machozi yakamtoka. Rafiq na watu wake walikuwa wanakunja vyombo vya siku ile. Rafiq akauliza kwa upole, ni yupi mama wa kinu. Nikamwonyesha. Akasimama mbali kidogo, akaweka mkono kifuani, akasema hodi. Na Bi Shariffa, ambaye hawakuwahi kuisikia sauti yake, akamjibu, "Karibu, mwanangu. Karibuni nyote." Wanaume wazima wale walisimama wametulia kama watoto wa chuo cha Kurani.

Kazi ikakamilika, na hakuna familia hata moja iliyohamishwa. Wakanipa kanga na kopo la halwa, nikarudi Nizwa, nikaanza kuhesabu miezi yangu ya kustaafu.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa kwenye gari, nimeegesha nje ya duka la maji ya kunywa njia ya Tanuf, simu ya Bi Shariffa ikalia. Alikuwa amekasirika kweli kweli. Mashine ya eisii ya jirani yake wa ghorofa ya nne imeshika moto mchana, nyaya zimepiga shoti, ikawaka yote mpaka ikadondoka matone. Na sasa ukuta mweupe, mpya, wa serikali, una doa jeusi kubwa la kuchukiza chini kabisa ya dirisha lake, kila apitaye barabarani analiona, na anataka kujua nani atakuja kulifuta.

Niliuliza, moto ulipanda mpaka wapi? Akasema upande uende wapi, uliunguza mashine ukazimika, wametia ndoo ya maji kwa kutimiza tu. Nikamuuliza kama wote ni wazima.

"Wazima, tukose uzima kwa nini? Nakwambia habari ya doa."

Nilishika usukani nikalia, mtu mzima mie, mbele ya watu wanaopakia maboksi ya maji. Bi Shariffa akaniita kwenye simu, akauliza mbona nimenyamaza, nimemsikia au laini imekatika. Nilikuwa nimemsikia vizuri sana. Nikamwomba anieleze upya tokea mwanzo, pole pole, asiache kitu, akaanza tena kunilalamikia doa lake, nami nikafunga macho nikamsikiliza.